Gramu Ngapi?

Nikishuka stejini Maseno jioni ya Jumamosi nikiwa na gunia mgongoni, vijana wa boda hawanisalimii kwanza. Wanauliza: "Mwalimu, leo gramu ngapi?" Gunia halifichi kitu. Mpini wa ditekta umechomoza juu, na kila mtu kuanzia hapo hadi soko la Luanda anajua mwenye mashine ya namna hiyo anatafuta nini. Jumamosi ninayoisema hapa nilijibu, "Sufuri." Wakacheka kidogo. Kisha mmoja wao, kijana mpole niliyemfundisha hesabu darasa la saba, akaniambia, "Pole, Mwalimu. Mungu atafungua njia."

Pole hiyo imenikwama kooni. Siku hiyo ilikuwa siku yangu bora tangu nipate mashine, miaka mitatu sasa. Nilikuwa natembea nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeposa akakubaliwa, na bado nikapewa rambirambi barabarani.

Basi wacha niseme bila kuzunguka. Kipimo cha gramu ni kipimo kibovu. Kinawafanya watu wazima warudi nyumbani wamenuna kutoka mahali walipopaswa kushangaa, na kinaacha mashimo kwenye mashamba ya watu. Kwangu mimi siku ya ditekta imefanikiwa ikiwa jioni kuna jambo linalojulikana kuhusu pale mahali ambalo asubuhi halikujulikana, na pale mahali pamebaki pazima. Ukitaka kitu kingine, cheza bahati nasibu; huko hata jasho hutoki.

Najua nitaambiwa nini, na nitafika huko. Lakini kwanza tuulize swali hili la gramu lilitoka wapi, kwa sababu halikuzaliwa stejini. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na walowezi waliokuwa wamebanwa na mdororo wa uchumi wakamiminika na mahema, sururu na karai. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika, ikiahidi kwamba ni zao daima. Sehemu ikichukuliwa kwa haja ya umma, wenyewe wangepewa ardhi nyingine badala yake, na baraza lao lingejulishwa. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Kwa ajili ya dhahabu, ardhi ingeweza kuchukuliwa kwa fidia ya pesa tu, pasipo kubadilishana shamba kwa shamba na pasipo kulijulisha baraza. "Daima" ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952 ukafungwa, na wajukuu wa waliotimuliwa wakabaki na mashimo ya kuzungushia ua.

Nasimulia haya kwa sababu mtu akiniuliza "gramu ngapi" namsikia yule yule bwana wa 1932. Ardhi inapimwa kwa kile kinachoweza kutolewa ndani yake na kubebwa. Aliye juu yake, na aliyekuwa juu yake kabla ya huyo, hahesabiwi.

Leo ni Ramula, upande wa Gem. Ni Ikolomani. Ni Bondo, ambako Desemba 2021 mgodi wa Abimbo uliporomoka juu ya wachimbaji na wengine hawakutoka hai. Sisemi watu wasichimbe dhahabu; mtu anayeshuka kwa kamba kumtafutia mtoto karo simhubirii. Yeye anajua anachotafuta na anajua bei yake. Ninaogombana nao ni wengine: wanaozungusha ditekta kwenye mashamba ya akina mama huku wamejaza video za Australia kichwani.

Kuna mtu hapa kwetu, sitamtaja nanyi msimtafute, ana ditekta nne. Anazikodisha kwa vijana. Wao wanatoa miguu, yeye anatoa mashine, na kikipatikana kitu ni nusu kwa nusu baada ya kutoa hela ya betri. Kisipopatikana, hasara ni ya miguu. Tulikunywa chai pamoja siku moja akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe unacheza. Mashine ni kama ng'ombe wa maziwa. Lazima itoe." Nikamuuliza vijana wake wameshapata nini. Akasema wako karibu. Nikamuuliza wako karibu na nini. Akaagiza mandazi.

Vijana hao hao ndio wanaoniletea habari za rupia inayovuta mchele. Ati kuna rupia ya zamani, ukiisogeza karibu na punje za mchele zinaikimbilia, na kuna mnunuzi Nairobi anayelipa mamilioni. Mnunuzi huyo hajawahi kuonekana, ila wakala wake huwa anahitaji hela kidogo ya nauli. Watanzania wana toleo lao, mali ya Mjerumani, na wao angalau wana kisingizio: Wajerumani kweli walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, vita vikiwa vimewabana. Ukweli huo mdogo umelisha uongo wa miaka mia moja. Sisi hatukuwa na Mjerumani, kwa hiyo tumewabandika hazina hiyo Wahindi waliojenga reli. Watu walivunjwa mgongo na jua na homa kuifikisha reli Kisumu mwaka 1901, halafu tunaambiwa walikuwa na dhahabu ya ziada ya kuzika njiani!

Mashine yenyewe haina uchawi. Sahani ya chini ina waya uliozungushwa mara nyingi; hupeleka nguvu za sumaku ardhini, metali iliyo chini inajibu, na mashine inapima jibu hilo na kukupa mlio na namba. Namba ndogo ni chuma. Namba kubwa ni shaba na fedha. Dhahabu, na hapa ndipo mchezo ulipo, hukaa kati, pale pale inapokaa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kizibo cha soda ni mwongo wa kuzaliwa: ni chuma, lakini kinaweza kupanda namba hadi ukadhani umepata shilingi ya mfalme. Na udongo wetu mwekundu, wenye murram, una chuma ndani yake. Usipoizoesha mashine udongo huo kwanza, italia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kawaida mfuko wangu una misumari ya mabati, vizibo, waya, kipande cha sufuria, na betri kavu zilizooza. Betri ni nyingi mno. Nafikiri kila redio iliyowahi kusikilizwa Maseno ilizika betri zake shambani. Kiwanda cha Eveready pale Nakuru kilifungwa 2014, lakini mimi bado nakifanyia kazi ya kukusanya.

Ukilalamika kuhusu uchafu huu, kila fundi wa video anakupa ushauri mmoja: zima chuma. Mashine ina kitufe cha kufanya hivyo. Ukikibonyeza, haikwambii tena habari ya chuma. Inakaa kimya juu ya misumari yote na kuamka kwa vitu vizuri tu. Ni ushauri wa busara kwa mtu anayetafuta pete ufukweni Mombasa.

Lakini huku? Umesimama kwenye ardhi hii unazima chuma?

Si mbali na hapa, katika nchi ya mto Yala, kuna mahali paitwapo Urewe. Archdeacon Walter Owen, mmisionari wa CMS ambaye mara kwa mara aligombana na serikali kuhusu ushuru na kazi za lazima, alikuwa na tabia ya kuokota vigae. Katika kuokota kwake kulikuwa na vigae vya vyungu vyenye kishimo kidogo chini ya kitako, kama mfinyanzi alibonyeza kidole gumba kabla ya kuchoma. Owen alifariki 1945. Mwaka 1948 kazi hiyo ikachapishwa na Mary na Louis Leakey, jina lake likiwemo. Leo vyungu vya aina hiyo vimechimbuliwa Rwanda, Burundi, Kagera na Uganda, na kote huko wanaakiolojia wanaviita Urewe. Jina la mahali petu limebandikwa kwenye vigae vya nchi za watu. Na waliovifinyanga wanahesabiwa miongoni mwa wayeyushaji chuma wa kwanza kabisa wa eneo lote hili la maziwa makuu, zaidi ya miaka 2000 iliyopita.

Njoo karibu zaidi na leo. Wasamia, kwenye vilima vyao vilivyo jirani na ziwa, walikuwa wakiyeyusha mawe na kufua majembe. Majembe hayo yalisafiri kwa mitumbwi na vichwani mwa watu. Jembe lilikuwa chombo, likawa pesa, likawa mahari. Kuna mabibi wengi kwenye ukoo wangu mimi mwenyewe ambao waliolewa kwa chuma. Kisha reli ikafika, majembe ya viwandani yakaja kwa bei rahisi, na tanuri zikapoa. Ndiyo maana nasema anayebonyeza kile kitufe amewaambia babu zake wanyamaze ili asikie vizuri karatasi ya sigara.

Nirudi kwenye Jumamosi yangu. Sitataja kijiji. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini.

Nilikuwa nimeitwa na ajuza mmoja, namwita Dani kama wanavyomwita wajukuu zake. Binti yake alipoteza pete akipalilia mahindi, na Dani alikuwa amesikia kwamba mwalimu fulani ana mashine. Nikaenda asubuhi. Tukatafuta mstari kwa mstari, mimi na mashine, yeye nyuma yangu na fimbo, akinionyesha nilipopita ovyo. Pete hatukuipata. Saa saba hivi tukafika pembe ya chini ya shamba, karibu na kijito, na mashine ikaanza kulia kwa sauti ya chini isiyokatika. Haikuwa mlio wa msumari. Msumari unasema neno moja na kunyamaza. Huu ulikuwa kama mkutano. Kila nilipoisogeza sahani, hatua nne, hatua sita, chuma, chuma, chuma.

Nilidhani ni bati lililozikwa. Nikakata jani la udongo kwa uangalifu, nikaenda chini shubiri moja, nikakuta jiwe jeusi zito, lenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda, na matundu ya mapovu. Nikakuta na la pili. Kisha kipande cha udongo uliochomwa hadi kuwa kijivu, kimepinda kama ukingo wa bomba. Kiswahili kina jina la hayo mawe, jina la dharau lakini sahihi: mavi ya chuma. Ni kile kinachobaki chuma kikishatolewa. Na kile kipande cha bomba, kwa macho yangu ya mtu aliyesoma vitabu tu, kilifanana na mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mvukuto ndani ya tanuri.

Nikakaa chini. Dani akafikiri jua limenipiga.

"Hayo mawe?" akasema. "Hayo nimeyatupa mpakani tangu nilipoolewa. Yanaharibu jembe."

Yanaharibu jembe! Nikamuuliza kama kuna mtu aliwahi kumwambia yalitoka wapi. Akanyamaza, akachora na fimbo. Kisha akasema mama mkwe wake alimwambia kwamba waliokaa hapo kabla yao walikuwa wanapika mawe.

"Walikuwa nani, Dani?"

"Hakusema." Akaangalia upande wa jirani. "Aliogopa mambo ya shamba."

Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wa jibu hilo. Maseno iko mpakani mwa watu wawili na kaunti mbili zinaivuta, Kisumu na Vihiga, kila moja na ramani yake. Mtu akitamka kwamba kabla yetu hapa palikaa fulani, anaweza kuwa amefungua kesi. Mama mkwe alihifadhi nusu ya habari, ile isiyo na hatari, na akaificha nusu nyingine. Profesa Bethwell Ogot, aliyesoma Maseno akiwa kijana na kurudi kufundisha katika chuo kikuu chetu akiwa mzee, aliandika historia ya Wajaluo kwa kuwasikiliza wazee, enzi ambazo wengi walidhani pasipo maandishi hapana historia. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitu ambacho wazee wenyewe waliamua kukinyamazia. Wala sitadai kwamba mawe hayo ni ya Waluo, au ya Wanyore, au ya waliofinyanga vyungu vya Urewe. Mavi ya chuma hayana kitambulisho. Umri wake hauwezi kuujua kwa macho. Inataka mkaa uliobaki ndani yake, maabara, na mtu aliyefunzwa kuuchimbua bila kuuchanganya.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Nikapiga picha, kalamu ikiwa kando ili ukubwa ujulikane. Nikahesabu hatua kutoka kwenye mti na kutoka kwenye jiwe la mpaka. Nikaandika kina, rangi ya udongo, na maneno ya Dani kama alivyoyasema. Nikarudisha kila kitu ndani, mavi na bomba, katika mpangilio wake, nikafukia, nikarudisha lile jani la udongo juu na kulikanyaga. Ndani ya siku saba taarifa yangu ilikuwa imefika Kisumu kwa watu wa Makavazi.

Siku saba si hisani yangu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inasema hivyo. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale. Huruhusiwi kukitafuta ardhini bila leseni, na ukikikuta unatoa taarifa ndani ya siku saba. Mwaka 1895 ndipo Mwingereza alipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Kichekesho ni kwamba wakati huo huku kwetu hakukuwa ndani ya himaya hiyo. Tulihesabiwa Uganda hadi 1902, tulipohamishwa bila kuhama. Lakini mwaka ni mwaka. Wengi wenye ditekta hawaijui sheria hii, na wanaoijua wanaichukia, wanasema ni ya kumnyima maskini. Mimi naipenda. Inanipa sababu ya kusimama mkono wangu unapotaka kuendelea, na mkono wangu, nawaambia ukweli, ulitaka sana kuendelea.

Rafiki yangu mmoja nilipomweleza haya alishika kichwa. "Omera, umeacha mali chini?" Mali gani? Ningeyabeba mawe yale hadi kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu wangenifukuza. Thamani yake yote iko katika kulala pale yalipolala. Yaweke mezani kwangu, yanakuwa mawe mabaya.

Asiyeniamini afikirie sarafu za Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazituma kukaguliwa, na tano kati yake zikaonekana ni sarafu za shaba za Usultani wa Kilwa, pwani yetu hii ya Waswahili. Zilifikaje huko? Mpaka leo watu wanabishana. Shaba yenyewe haikuwa na bei ya maana. Kilichofanya ubishi huo uwezekane ni kwamba Isenberg aliweka alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota. Toa ile X na ni mzee mmoja mwenye kopo la sarafu. Au chukua ile sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, yenye tundu la mraba, ambayo timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams iliipata kisiwani Manda, Lamu, na kuitangaza 2013. Ungeipata dukani ungeuliza bei. Imepatikana ardhini Manda, ndipo ikawa habari ya bahari nzima.

Nimetaja tundu, nikumbushe nyingine. Miezi michache kabla ya mawe ya Dani nilipata senti kumi ya kikoloni, ile ya tundu katikati na pembe za ndovu, kwenye uwanja ambapo zamani palikuwa na soko. Kwa Dholuo inaitwa otonglo, na ukitoka Kisumu kuja Maseno unapita kituo kinachoitwa jina hilo hilo. Hiyo si ya kabla ya 1895, kwa hiyo niliiokota kwa moyo mweupe, kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Nikampelekea mzee mmoja anayeishi karibu. Aliipitisha kidole kwenye tundu bila kuiangalia, akasema mama yake alizifunga kwa uzi kiunoni ili asizipoteze kwenye umati, na akaanza kunitajia nani aliuza nini, mstari kwa mstari: samaki hapa, chumvi pale, yule wa vyungu kule mwisho. Nilitoka pale na ramani ya soko zima. Gramu chache za shaba nyeusi. Hiyo nayo stejini ilikuwa "sufuri".

Sasa lile nililoahidi. Yule bwana wa mashine nne aliponisikia nikiyasema haya aliweka kikombe chini na kuniambia, "Mwalimu, wewe una mshahara."

Ni kweli. Ninao, na unachelewa, lakini ninao. Kijana anayekodi mashine yake hana, na kumwambia aridhike na habari za mvukuto ni kumtukana. Sikuwa na jibu la haraka, na kwa siku kadhaa nilifikiri labda ameshinda. Kisha nikahesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Katika wale vijana ninaowafahamu, hakuna hata mmoja aliyelipa kodi ya nyumba kwa ditekta. Hela inayoonekana kila wiki ni ile ya betri, na inakwenda upande mmoja. Anayekula kwa kipimo cha gramu ni mwenye mashine, siyo mwenye njaa. Njaa ya kijana imefanywa ngao, na nyuma yake kuna mtu anakunywa chai. Halafu, wakikosa dhahabu, kinachobaki cha kuuza ni chuma chochote kilichotoka, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu hapimi kitu kwa miaka, anapima kwa kilo. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya nyaya na nguzo za umeme kuibwa. Nguzo zilikuwa na wa kuzililia. Jembe la Msamia likitupwa kwenye mizani nani atapiga simu?

Na mashimo. Sitayasemea sana, maana hili hata mtoto analijua: aliyechimba hufukia. Ng'ombe wa jirani yangu alivunjika mguu kwenye shimo la mtu aliyekuwa "karibu".

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kosa langu. Nilirudi kwa Dani mara mbili baada ya ile siku, kumsomea barua niliyoandika na kumpa nakala yake, na mara zote mbili nilibeba gunia, kwa mazoea tu. Mpini umechomoza. Nilipita stejini kwenda, nikapita stejini kurudi. "Gramu ngapi, Mwalimu?" Sufuri. "Pole." Sasa mtu mwenye akili akiona mwalimu anarudi mara tatu shamba moja, na kila mara anasema sufuri, na kila mara anatabasamu, atafikiri nini? Mimi niliyejiona mlinzi wa pembe ile ndiye niliyeichorea X katikati ya barabara ya Busia.

Jumanne Dani alinipigia simu. Vijana wawili walifika kwake na mashine, wakiwa na bwana mmoja mwenye heshima aliyemletea sukari kilo mbili na kumwita Mama. Walitaka kujua mwalimu alikuwa anatafuta nini kule chini karibu na kijito, na kama anaweza kuwaruhusu wajaribu siku moja tu, nusu kwa nusu.

"Ukawaambia nini, Dani?"

"Nikawaambia ukweli, nyathina. Nikawaambia mwalimu alichimba akakuta mavi."

"Wakaamini?"

"Walicheka sana. Yule wa sukari hakucheka." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Ijumaa nimekodi kijana wa kupanda migomba pale chini. Njoo uniambie ipande wapi isiyaguse. Na usije na lile gunia."